Siku Mafiga Yalipopoa

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu hakikuwa na karatasi. Wakubwa wa upande wa Butembo walisema sisi ni watu wa Beni, na wa upande wa Beni wakasema sisi ni watu wa Butembo. Ikifika siku ya kodi, ajabu, wote wawili walitutambua. Ikifika siku ya kutengeneza daraja, hakuna aliyetujua. Leo mimi ni mtu mzima, mama wa watoto wanne, naishi Kimemi, mjini Butembo, na hasira yangu juu ya jambo hilo haijapungua hata kidogo. Mahiga ipo. Nilizaliwa pale.

Usiitafute kwenye ramani, utajiumiza macho bure. Ni nyumba kumi na moja za udongo juu ya mgongo wa mlima, migomba nyuma, mateke, ndiyo magimbi, bondeni, na ukungu ambao asubuhi unakufanya usimwone hata mbuzi unayemvuta kwa kamba. Waprotestanti tulikuwa na banda letu la kusalia palepale. Wakatoliki walishuka saa mbili nzima kwenda misa, na wakirudi walitutania kwamba Mungu wetu anakaa karibu kwa sababu ni mvivu wa kutembea. Sisi tuliwajibu kwamba wa kwao amewakimbia. Basi tulicheka, tukala pamoja.

Zamani za mababu, wanaume wetu waliteremka hadi Katwe, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kuchukua chumvi. Walirudi na mizigo kichwani siku nyingi za njia, na kabla ya mpando wa mwisho walipumzika pale kwetu. Wake zao walikuja kuwapokea. Wakapanga mawe matatu makubwa, wakawasha moto, ili mwenye mzigo akiwa bado bondeni aone moshi na kujua kwamba kuna chakula kinamngoja. Baadaye wanawake wengine walichoka kupanda na kushuka, wakajenga palepale. Ndivyo Mahiga ilivyozaliwa. Hakuna chifu aliyeianzisha wala mzungu aliyeichora. Jina lenyewe kwa Kinande ni mafiga, mawe ya kupikia.

Mawe hayo yapo hadi leo katikati ya nyumba, kila moja linamfikia mtu mzima gotini. Moto wake haukuruhusiwa kufa. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuulisha. Kiberiti kilikuwa mwiko pale. Moto ukidhoofika, tuliazima kaa kutoka nyumba nyingine ya Mahiga, na nyumba hizo nazo zilikuwa zimeazima kutoka pale pale, kwa hiyo ulikuwa moto mmoja tu unaozunguka. Na tuliambiwa tangu tukiwa mgongoni: siku mafiga yote matatu yatakapopoa, watu wa Mahiga watatawanyika, na mgeni atalala mahali petu.

Aliyeniambia mara nyingi kuliko wote ni Mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake baba. Yeye ndiye aliyenilea. Baba alikuwa akipakua malori Kasindi, mama alimfuata, kisha vita vikafunga njia wakabaki huko. Mukaka alikuwa mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mlima wa pili. Kanisani aliongoza wimbo. Akitoka kanisani alienda moja kwa moja kuchungulia moto. Mwanawe mdogo, baba mdogo Kambale, ambaye alikuwa shemasi, hilo lilimkera sana.

"Mama, ile moto ni mambo ya bapagano," alimwambia.

"Moto ni ya Nyamuhanga," Mukaka akajibu, akimtaja Mungu kwa Kinande. "Shetani eko na moto yake. Enda umuulize kama tulimuazima hata kaa moja."

Vita vilitukuta nikiwa na miaka kumi. Sitaeleza nani alikuwa akipigana na nani. Majina yao yalibadilika kila msimu wa maharage, na sisi juu ya mlima tuliwatambua kwa jambo moja tu, kwamba wote walipenda kuku. Lakini komanda aliyekuwa amepiga kambi bondeni mwaka ule alikuwa na ng'ombe. Wengi. Na mlima wetu una majani mazuri.

Siku moja alipanda bwana mmoja kutoka ofisi, tulimwita Sekreteri, na daftari kubwa kwapani lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa Munande kama sisi, mtu wa makamo, amechoka, viatu vyake vimejaa tope. Alisimama karibu na mafiga, akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa.

"Hii fasi haiko mu kitabu," akasema.

"Na miye niko mu kitabu?" Mukaka akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi uko unasema na nani?"

Watu walicheka, hata yeye alitaka kucheka. Lakini alikuwa ametumwa. Alieleza kwamba komanda anatafuta malisho, kwamba watu wote wa milimani watashushwa barabarani, na kwamba ardhi isiyo na watu ina jina lake la Kifaransa, *vacant*, na ardhi ya namna hiyo hupewa anayeitaka. "Nitarudi Jumanne," akasema. "Nikikuta batu, nitaandika batu. Nikikuta hakuna, nitaandika vacant. Miye ni mutu wa kuandika tu."

Wahenga husema pafukapo moshi hapakosi moto. Kwetu Mahiga walisema pafukapo moshi hapakosi mwenyewe. Mukaka alichukua kuni akaenda kuulisha moto, ingawa haikuwa siku yetu.

Jumapili, tukiwa katikati ya ibada, risasi zikalia bondeni. Zikalia tena, karibu zaidi. Hadi leo nina mashaka yangu kwa nini zilipanda upande wetu wakati hakukuwa na adui hata mmoja kwetu. Tulikimbia. Tulishuka upande wa pili wa mlima, tukajificha kwenye kijito chini ya msitu, watu wa nyumba kumi. Nyumba ya kumi na moja, ya Mama Katungu, haikusimama. Waliendelea na safari hadi Butembo na watoto wao mgongoni. Katika kukimbia Mukaka aliteguka mguu, ukavimba mpaka ukawa mnene kama paja.

Jioni hiyo watu waligombana kwa sauti za chini. Wengine walisema heri moto ufe, moshi utawaita askari.

"Moshi itawaonyesha ya kama tuko," akasema baba mdogo Kambale.

"Njo vile ninataka!" Mukaka akasema. "Baone ya kama tuko! Kama inazimika, Jumanne ile mutu anaandika nini? Sema weye, shemasi. Anaandika nini?"

Jumatatu ilikuwa siku ya nyumba yetu, na Jumanne ilikuwa ya Mama Katungu ambaye hakuwepo, kwa hiyo zote mbili zilituangukia sisi. Wanaume hawakuweza kupanda, maana walikuwa wakikamatwa kubebeshwa masanduku ya risasi. Wasichana wakubwa walikamatwa kwa sababu ambayo hatukuitaja. Mukaka hakuweza kutembea. Mtoto wa kike mwenye kuni kichwani, wakati ule, hakuna aliyemtazama mara mbili. Mukaka alinishika mabega yote mawili.

"Kahindo, unasikia? Nyuma ya kanisa iko miti migumu ya pori. Unaweka mbili, unafunika na majivu. Hapana cheza. Unarudia kwa mugongo ya mulima, hapana mu njia."

Mtu anaweza kuniuliza, bibi gani humtuma mtoto mahali kama pale? Mama yangu aliuliza hivyo miaka mingi baadaye, na alikuwa na haki. Mimi sikuuliza. Nilijiona mkubwa sana siku ile.

Jumatatu nilifika salama. Nyumba zote zilikuwa wazi, milango imevunjwa, kuku hakuna. Moto ulikuwa hai bado. Lakini ile miti migumu ilikuwa mizito, nami nilikuwa peke yangu, na kimya kile kilinitisha kuliko risasi. Kando ya nyumba ya Mama Katungu kulikuwa na vipande vya mkalitusi, vyepesi, vikavu. Nikavichukua, nikavirundika vingi, vikawaka vizuri, nikakimbia zangu. Mtoto yeyote wa mlimani anajua kwamba mkalitusi huwaka mbio ukaisha. Nilijua. Nilifanya hivyo hivyo.

Nilipomweleza Mukaka kwamba nimeulisha, alinibariki. Nililala vibaya.

Jumanne kulikucha na manyunyu. Baba mdogo alinivika koti lake kubwa la kanisani, mikono ikaning'inia mpaka magotini, nikapanda. Nilipofika juu sikuona moshi. Nikajiambia ni ukungu. Nikasogea. Nikaweka kiganja kwenye jiwe la kwanza, baridi. La pili, baridi. La tatu lilikuwa limelowa umande, kama jiwe lolote lile la mtoni. Nikachimba majivu kwa vidole vyangu hadi chini kabisa, nikitafuta kaa hata la ukubwa wa punje ya harage. Hakuna kitu.

Nililia kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Nikakimbilia nyumba zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, nikipekua meko. Zote zimekufa. Hakukuwa na kaa la kuazima Mahiga nzima. Mababu waliobeba chumvi, wanawake waliowangoja, miaka yote ile, kisha aje Kahindo mvivu wa kubeba kuni mbili! Nilitia mikono mifukoni mwa koti kwa sababu ya baridi, na humo nikakuta kitu kinachogongana. Kiberiti. Na pembeni yake kipande cha sigara, cha shemasi wetu.

Sijui nilikaa muda gani nimekishika. Mwiko ulikuwa mwiko. Tuliambiwa moto wa kiberiti ukigusa mawe yale, yatapasuka. Mwishowe nikapiga magoti, nikayaambia mawe kwa sauti, kama mtu anavyosema na wakubwa: "Munisamehe. Kosa ni yangu, hapana ya Mukaka." Nikaleta majani makavu ya mgomba kutoka chini ya paa, nikaleta na ile miti migumu, safari hii ile ile niliyoagizwa, nikiiburuta. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili upepo ukaila. Ya tatu ikashika. Nikajifunika koti kichwani kuukinga, machozi na moshi vikichanganyika, nikapuliza mpaka kizunguzungu kikanipata. Mawe hayakupasuka. Moshi ukapanda, mweupe, mnene.

Ndipo nikasikia watu wakikohoa njiani. Sekreteri, na askari wawili nyuma yake.

Bado ningeweza kukimbia. Migomba ilikuwa hatua chache tu. Lakini nikafikiri, moto bila mtu si ni moto wa kichaka tu? Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nikachukua chungu kilichosalia kwetu, nikang'oa mateke mawili kando ya nyumba, nikayatupa ndani na udongo wake, nikatia maji, nikateleka. Walipofika nilikuwa nimeketi juu ya kigogo, nakoroga.

"Batu beko wapi?" Sekreteri akauliza.

"Ku mashamba."

"Bote?"

"Bote. Hii ni chakula yabo."

Alitazama chungu chenye mateke mawili. Akatazama milango iliyovunjika. Alijua. Askari mmoja, kijana tu, akanisogelea akaniuliza kwa Lingala: "Yo mwana, obangi te?" Alitaka kujua kama siogopi.

"Ninaogopa," nikamwambia kwa Kiswahili. "Lakini nikikimbia, chakula itaungua."

Mwenzake hakupenda jibu hilo. Alisema maneno fulani, akainua buti lake apige jiwe ili chungu kianguke. Sekreteri alimshika mkono kabla sijapumua.

"Hapana! Ile mawe hapana gusa. Unataka kufia hapa?"

Askari alishangaa, na mimi nilishangaa zaidi. Nadhani yule bwana wa daftari naye alikuwa na bibi mahali fulani. Akavua kofia yake, akaketi juu ya kigogo upande wa pili wa moto, akafungua daftari juu ya magoti.

"Sema majina," akaniambia.

Nikataja. Nyumba kwa nyumba, kuanzia ya Mama Katungu, nikamtaja yeye na mumewe na watoto wote saba kana kwamba walikuwa wamelala ndani. Nikataja Wakatoliki, nikataja Waprotestanti. Nikataja baba na mama walioko Kasindi. Nikafika kwa Mukaka, na baada yake nikamtaja babu, ambaye alikuwa kaburini nyuma ya migomba tangu sijazaliwa, kwa sababu naye yuko Mahiga, nani wa kunibishia? Sekreteri aliandika wote. Hakuuliza swali hata moja. Nilikuwa nasoma kwa shida, lakini nilimwona akiandika jina la kijiji juu ya ukurasa kwa herufi kubwa. Alipomaliza alifunga mpira wake wa baiskeli.

"Moto iko, batu beko," aliwaambia askari. "Tuende."

Walishuka. Nilikaa pale pale nikikoroga hata mateke yakaiva.

Alhamisi tulirudi. Komanda aliwapeleka ng'ombe wake kwingine, na kabla ya mwisho wa mvua wenzake wa kundi lingine walimfukuza, yeye na ng'ombe wake. Mukaka alibebwa mgongoni mwa baba mdogo, na alipoona moshi alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Beni. Jumapili alisimama kanisani kwa mguu mmoja akatoa ushuhuda: moto haukuzimika, mgeni hakulala mahali petu. Watu wakasema amina. Mimi nilitazama chini.

Baba mdogo naye alikuwa amekwisha kupapasa koti lake. Alinitazama, nami nikamtazama. Yeye alijua nimeona sigara, mimi nilijua amehesabu njiti. Hatukuwahi kuzungumzia jambo hilo mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Lakini kwa Mukaka sikuweza kuficha. Kila aliponisifu mbele za watu, nilitafuta kazi ya kuniondoa pale. Siku ya tano baada ya ushuhuda ule nilimkuta anamenya mateke peke yake, nikasema yote kwa pumzi moja. Alisikiliza, kisu kimesimama.

"Jumatatu uliweka miti gani?"

"Kalitusi."

Alinipiga kofi mpaka sikio likaimba. Nikangoja kofi la pili, la kiberiti. Halikuja.

"Jumanne ni nani aliwasha?" akauliza.

"Ni miye."

"Ulikuwa na nani?"

"Miye peke."

"Weye ni mutu wa wapi?"

"Wa Mahiga."

"Basi," akasema, akarudia kumenya. "Enda chota maji."

Kwa adhabu nilibeba miti migumu ya nyumba zote kwa msimu mzima wa mvua. Shingo yangu inakumbuka. Lakini ule ushuhuda wake hakuubadilisha hata siku moja. Aliendelea kuutoa, na akifika mahali pa kusema moto haukuzimika, aliniangalia moja kwa moja bila aibu yoyote, mpaka nikaacha kutazama chini.

Sasa nina mpwa anayesoma chuo kikuu hapa Butembo. Nilipomsimulia alifurahi sana, akaniambia, shangazi, basi imani yenu iliangushwa siku ile: mawe yalipoa na hakuna aliyetawanyika, kiberiti kikagusa na hakuna lililopasuka. Nikamwambia akili zake ni nzuri, anywe chai. Kisha sikupata usingizi mapema, kwa sababu nilitaka jibu langu mwenyewe, si la kumridhisha yeye.

Sijui kama mawe yana nguvu. Kama ni ndiyo, siku ile yalikuwa yamelala. Ninachojua ni kwamba bibi mmoja alinifundisha kuogopa mahali petu pasipoe, na woga huo ulikuwa mkubwa kuliko woga wangu wa bunduki. Ule woga ndio ulioniketisha juu ya kigogo. Vita vilikuja tena baadaye, vibaya zaidi, na nimeona vijiji vilivyokuwa na karatasi safi kabisa, zenye muhuri, vikibaki nyasi. Daftari la Sekreteri sijui lilienda wapi. Labda liliungua. Ukienda leo ofisini kuuliza Mahiga, kijana wa pale atakuambia haiko kwenye orodha, na atakutazama kama aliyekosea njia.

Mimi sikosei njia. Kila mwaka napanda na wanangu, na nyumba sasa ni kumi na nne. Wakiniuliza kama ni kweli huu ni moto ule ule wa wabeba chumvi, nawaambia ndiyo, bila kupepesa. Niliuwasha mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nyumbani kwetu.